Bendi imevunjika, nyimbo zimebaki: nianze na watu au na rekodi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Arusha, nina miaka 26. Nilikuwa kwenye bendi ya watu wanne tukipiga gereji pop: magitaa ya kukwaruza, drams za mbio, nyimbo za dakika mbili na nusu zenye kiitikio ambacho mtu anaondoka nacho. Mpiga solo kahamia Kenya, mpiga besi kaoa na hana muda tena, bendi imekufa. Nimebaki na nyimbo kumi na moja, gitaa na ampu ndogo. Nataka kuanzisha bendi mpya na safari hii nitoe rekodi, nikijaliwa hata santuri ndogo. Nianze na watu au na rekodi? Nirekodi nyumbani au nidunduize hela ya studio? Na nyimbo tulizopiga na wenzangu, ni zangu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nikujibu kwa ufupi kwanza, halafu tukae. Tafuta mpiga drams mmoja, fanya naye mazoezi wiki chache, kisha rekodini nyimbo mbili. Tisa zilizobaki ziache kwanza. Mtakapokaa kuzisikiliza hizo mbili ndipo utajua bendi yako mpya ni ya namna gani na nani mwingine anahitajika. Jina, picha, kurasa za mitandaoni, vyote vingoje.

Najua wengi hufikiri kinyume: bendi ikamilike, ipige shoo mwaka mzima, ndipo iingie studio. Kwa muziki wa dansi wenye safu ya tarumbeta na waimbaji wanne nakubali. Gereji haikuzaliwa hivyo. Mwaka 1963 vijana wa The Kingsmen, huko Portland, Marekani, walirekodi "Louie Louie" kwa gharama ya dola 50 hivi. Maiki ya mwimbaji, Jack Ely, ilining'inizwa juu, ikabidi ainue kidevu na kupiga kelele ili asizidiwe na vyombo. Baada ya solo akawahi kuanza ubeti, akashtuka, akanyamaza. Mpiga drams akaziba pengo kwa mpigo mmoja wa haraka na wimbo ukaendelea. Kosa likabaki kwenye santuri, na santuri ikapanda hadi nafasi ya pili kwenye chati ya Billboard. Maneno yalisikika vibaya kiasi kwamba FBI walifanya uchunguzi kujua kama yana matusi, wakashindwa kuyaelewa.

Sikusimulii haya ili uimbe ovyo. Angalia nani aliyeiokoa teki ile, yaani ile mara moja ya kupiga na kurekodi: mpiga drams. Watu watano walikuwa chumba kimoja, wanasikilizana, mmoja akiteleza mwingine anamshika. Hiyo ndiyo bidhaa unayouza ukipiga gereji pop, na haitengenezwi baadaye kwenye kompyuta.

Kwa hiyo anza na drams. Usimtafute fundi wa mbwembwe. Tafuta mtu anayeweza kupiga mdundo mmoja dakika mbili na nusu bila kukimbia wala kulala, na ambaye ukimwambia aache matoazi kwenye ubeti haoni kama umemtukana. Kanisani wapo wengi, na wanajua kumfuata mwimbaji. Hapo ulipo mna historia ya jambo hili. Ndugu wa familia ya Kinyonga walitoka Tanga, wakaunda Arusha Jazz mwaka 1970, mwaka uliofuata wakahamia Kenya na bendi ikawa Simba Wanyika. Mwaka 1978 Omar Shabani, mpiga ridhimu, aliondoka na wenzake, mpiga besi na mpiga drams wakiwemo, wakaanzisha Les Wanyika. Waliondoka na injini. Ndiyo maana bendi mpya ilisimama upesi vile: waliozoea kupumua pamoja walibaki pamoja. Wewe umepoteza solo na besi, lakini hukutaja habari za mpiga drams wenu. Kama bado yupo na hamjagombana, mpigie leo.

Jambo la pili kuhusu watu: usitafute mbadala wa aliyeondoka. Nimesikia bendi nyingi mpya zikihangaika kumfundisha mpiga solo mgeni vipande vya yule wa zamani, noti kwa noti, na mgeni anapiga kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Mfuatilie Greg Cartwright, mtunzi na mpiga gitaa wa Memphis, Marekani. Miaka ya 1990 alikuwa na Oblivians, watu watatu, hawana mpiga besi, wanabadilishana gitaa na drams, rekodi zao zinanguruma kama zimenaswa ndani ya pipa. Bendi hiyo ilipokwisha akaunda Reigning Sound, na albamu yao ya kwanza, ya mwaka 2001, iliwashangaza waliosubiri kelele: ina kinanda, ina nyimbo za huzuni za taratibu, sauti yake ya kuimba iko mbele kabisa. Mpiga kinanda alipoondoka, hakumtafuta mwingine wa kufanana naye. Waliobaki wakaongeza magitaa, na albamu ya mwaka 2004 wakaiita kabisa Too Much Guitar. Mtunzi ni yuleyule. Sauti ilifuata waliokuwepo chumbani. Ukikutana na binti anayepiga kinanda cha kwaya na hajawahi kusikia gereji maishani mwake, mwite.

Sasa mazoezi. Rekodi kila zoezi kwa simu, iweke kona ya mbali ya chumba, halafu sikilizeni kesho yake, si palepale. Simu ni katili lakini haidanganyi: kama kiitikio hakisikiki kwenye simu, maiki ya bei mbaya haitakiokoa. Mara nyingi tatizo ni gitaa na sauti ya kuimba kugombea nafasi moja. Gitaa lihamie noti za juu zaidi za shingo yake au lipunguze mapigo, mwimbaji apumue. Wimbo wa dakika mbili na nusu hauna pa kuficha kitu. Utangulizi wa sekunde thelathini ni sehemu ya tano ya wimbo mzima, ukate.

Nyumbani au studio? Nyumbani, kwa hizo mbili za kwanza. Studio nyingi za miji yetu zimejengwa kwa ajili ya mtu mmoja anayeimba juu ya biti: kibanda cha sauti kizuri, spika nzuri, na hakuna mahali pa kuweka drams. Fundi wake hodari wa bongofleva atakuomba mpige mmoja mmoja kwa kufuata mlio wa metronomu, kisha atanyoosha kila mpigo kwenye skrini. Hana kosa, ndiyo kazi yake. Ila mtatoka na rekodi safi ya bendi ambayo haipo. Wakati bendi za Tanzania zilipokuwa zinarekodi Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), fundi mitambo alipanga maiki chache, bendi nzima ikapiga kwa pamoja, akikosea mmoja wanarudia wote. Sikiliza kanda zile uone kama kuna anayelalamika kuwa haziko safi.

Chumba ndicho chombo chako cha kwanza. Nyumba zetu ni kuta za zege au tofali zilizopigwa lipu, sakafu ya vigae, dari ya jipsam ukibahatika, mabati usipobahatika. Simama katikati, piga kofi moja kali. Ukisikia mlio mfupi wa kutetemeka, trrr, kama spiringi, sauti inadunda kati ya kuta mbili zinazotazamana. Huhitaji sponji za studio. Simamisha godoro kwenye ukuta mmoja kati ya hizo mbili, tandika zulia au mikeka miwili chini ya drams, ning'iniza blanketi zito umbali wa kiganja kutoka ukutani badala ya kulibandika. Kabati la nguo lililofunguliwa milango nalo linameza sauti vizuri. Piga kofi tena. Usiue chumba kabisa, mwangwi kidogo ndio unaofanya drams zionekane kubwa. Kama juu ni mabati, usipange kurekodi kipindi cha masika. Na waambie majirani mapema saa mtakazoanza na kumaliza, uzitii.

Umeme. Mngurumo wa chini unaousikia kwenye ampu unatokana na umeme wetu wa hezi 50. Zima friji, zima taa zenye swichi ya kupunguza mwanga, chomoa chaja za simu. Gitaa lenye pikapu za koili moja hubadilika kwa mwelekeo wako: geuka taratibu nalo mkononi kama mtu anayetafuta kibla, kuna pembe moja ambapo ngurumo inapungua ghafla. Weka alama ya chaki sakafuni, simama hapo. Laptopu iwe imejaa chaji, umeme ukikatika angalau teki zilizokwisha kunaswa zibaki.

Vifaa: saundi kadi yenye maingizo manne, maiki nne za dainamiki, hedifoni, programu. Azima unachoweza. Shure SM57 ni maiki ya kawaida kabisa, ipo kwenye makanisa na kumbi nyingi, na inafaa kwa gitaa na kwa drams. Kuwa mwangalifu na za bandia, zimejaa sokoni. Programu kama Reaper inakupa siku 60 za kujaribu, leseni ya matumizi binafsi ni dola 60.

Kwenye drams tumia maiki mbili tu. Moja nyuma ya bega la kulia la mpiga drams, juu kidogo ya kichwa chake, ikitazama snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Inaona kile anachokiona yeye. Nyingine mbele ya dramu la mguu. Nasa nusu dakika, sikiliza. Matoazi yakizidi, usiende kwenye kompyuta, nenda kwa mpigaji: matoazi apige kwa upole, snea aipige kwa nguvu. Uwiano wa drams uko mikononi mwake, na mtu akizoea kupiga hivyo bendi nzima inasikika ghali.

Ampu yako ndogo ni baraka. Ya wati tano hadi kumi na tano ikifunguliwa karibu mwisho inatoa ule mkwaruzo ambao ampu kubwa haiwezi kuutoa bila kubomoa nyumba. Dave Davies wa The Kinks, bendi ya Uingereza, alikuwa na kiampu cha bei rahisi cha Elpico, akachana koni ya spika yake kwa wembe, na ndiyo sauti ya gitaa iliyomo kwenye "You Really Got Me" ya mwaka 1964. Usichane ya kwako kabla hujajaribu hili: vua kitambaa cha mbele kama kinatoka au mulika kwa tochi uone koni iko wapi. Maiki ikitazama katikati kabisa, gitaa linakuwa kali, linachoma. Isogeze upana wa vidole viwili kuelekea ukingoni, ukali unapungua, mwili unakuja. Vidole viwili vingine, linakuwa zito kama lina blanketi. Kazi yote ya kutafuta toni iko ndani ya hapo, dakika kumi za mtu mmoja kusogeza na mwingine kusikiliza kwa hedifoni. Maiki hizi hazisikii vizuri kwa nyuma, basi mgongo wa maiki ya gitaa uelekee drams. Besi iingie moja kwa moja kwa kisanduku cha DI, kinachounganisha gitaa na saundi kadi bila maiki. Kama bado hamna mpiga besi, wewe mwenyewe ipige baadaye, au rekodi bila besi. Oblivians walifanya hivyo na hakuna aliyewadai.

Usirekodi kwa sauti ya juu mno kwenye kompyuta. Vilele viishie karibu na desibeli kumi chini ya taa nyekundu, mfumo wa biti 24 unakuachia nafasi ya kutosha. Pigeni wimbo mara tatu au nne, pumzikeni, mnywe chai, kisha mara mbili tena. Teki nzuri mara nyingi ni ya pili. Mkifika ya kumi mnapiga kwa kumbukumbu, damu imeshatoka. Ukiona hivyo nenda wimbo wa pili.

Sauti ya kuimba imba siku nyingine, peke yako, ukiwa na maneno kichwani. Imba karibu na maiki, upana wa ngumi, na kwenye kiitikio imba mara ya pili juu ya ile ya kwanza bila kuiiga kila kona. Kutofautiana kidogo ndiko kunakotanua sauti. Imba Kiswahili kama unatunga Kiswahili. Kiswahili kina silabi zinazoishia na irabu, kinakaa juu ya mdundo wa mbio vizuri kuliko watu wanavyodhani, na nashangaa bendi za roki za kwetu zinavyokikimbia.

Kuchanganya sauti nisikuchoshe. Weka kila kitu katikati kwanza, mono, kisawazishe kwa vidhibiti vya sauti pekee mpaka wimbo usikike kamili, ndipo uanze kutawanya kushoto na kulia. Jaribu kwenye simu na kwenye spika za daladala ukipata dereva mwelewa. Masta, yaani marekebisho ya mwisho ya sauti kabla rekodi haijatoka, mpe mtu mwingine. Masikio yako yameshazoea makosa.

Hapa ndipo pa kutumia hela uliyodunduiza, kwenye masta na santuri. Santuri ya inchi 7 ya mizunguko 45 ni kama iliumbwa kwa nyimbo zako: upande wa dakika mbili na nusu unaweza kukatwa kwa sauti kubwa na yenye nguvu, kwa kuwa mifereji inapata nafasi ya kutanuka. Ukivuka dakika tano sauti lazima ishushwe. Singo nyingi za zamani zilizotoka Nairobi zilikata wimbo mmoja vipande viwili, hadithi upande A, magitaa yakichemka upande B. Wewe huna shida hiyo. Mambo mawili ya kumkumbusha anayefanya masta: besi na dramu la mguu vikae katikati, vikiwa upande mmoja sindano inaweza kuruka, na herufi s na sh zilainishwe, maana kwenye santuri hugeuka mchanga. Kiswahili kina sh nyingi, kwa hiyo fundi wa Ulaya asiposikiliza kwa makini utajuta.

Gharama yake iko mwanzoni. Kuchonga bamba mama, kutengeneza mihuri ya kugandamizia na nakala za majaribio kunalipwa hata ukitoa santuri moja, ndiyo sababu bei ya kila nakala kwa nakala 100 ni kubwa kuliko kwa 300. Viwanda vingi viko Ulaya na Marekani, kikubwa kuliko vyote, GZ Media, kiko Jamhuri ya Cheki. Kusubiri miezi kadhaa ni kawaida. Ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18 ya hapa kabla hujapanga bei. Ushauri wangu: usiagize 300 kwa bendi ambayo haijapiga shoo. Wapo mafundi wanaochonga santuri moja moja kwa mashine, nakala 20 au 50, sauti yake ni hafifu kidogo na kila nakala ni ghali, lakini hutabaki na maboksi chini ya kitanda. Wasikilizaji wa gereji wametawanyika Tokyo, Melbourne, Berlin, na wananunua. Bandcamp, tovuti ambapo wanamuziki huuza kazi zao wenyewe, inakata asilimia 15 kwa nyimbo za kupakua na 10 kwa vitu vya kushikika, na hao wanunuzi wako pale zaidi kuliko Boomplay. Kwa wa nyumbani, Boomplay na YouTube zinatosha.

Nimeacha swali lako la tatu mwisho kwa kuwa ndilo litakaloleta ugomvi. Tenganisha wimbo na rekodi. Wimbo, yaani melodia na maneno, ni wa aliyetunga. Rekodi ni kitu kingine chenye mwenyewe, na waliopiga ndani yake wana haki zao. Kama melodia na maneno ni yako, unaweza kuzirekodi upya na bendi mpya. Rekodi za zamani usizitoe bila wenzako kukubali, hata zile za simu. Kuna eneo la kijivu: kama wimbo unaanza na kile kipande cha gitaa ambacho kila mtu anaukumbukia, na alikibuni mpiga solo siku ya mazoezi, mimi ningemhesabu mtunzi mwenza. Sheria inaweza kubishaniwa, urafiki haubishaniwi.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi, mpigie huyo jamaa Kenya, mtajie nyimbo mbili ulizochagua, mkubaliane asilimia, kisha uandike ujumbe wa WhatsApp wenye majina ya nyimbo na mgawanyo, ajibu "nakubali", na uuhifadhi. Fanya hivyohivyo na mpiga drams mpya siku ya kwanza ya mazoezi, wakati bado hakuna hela ya kugombania. Wimbo ukikamilika, usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina ya watunzi wote, na mwambie msambazaji wako akupe namba ya ISRC, yaani namba ya utambulisho, kwa kila rekodi. Ukipata teki ya kwanza unayoipenda, nitumie. Mbichi, kabla hujaisafisha.